Pete Niliyokuficha

Dada yangu mkubwa Nasinyari,

Nakuamkia kwanza. Hukuwahi kuniruhusu nikuletee neno lolote kabla ya salamu, hata siku ile ng'ombe walipoingia kwenye maharage nami nikaja mbio nikitweta. Ulinitazama tu, ukangoja mpaka nikakumbuka adabu. Basi nakuamkia, na ninangoja kidogo, kama ambavyo ungeitika.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi na wewe hatukuizungumza jikoni hata mara moja. Ulikuja huku mlimani na Kimaa cha kwenu Ngaramtoni, ukajifunza Kimeru chetu mpaka ukawa unatushinda kwa mizaha. Hiki cha shule ulikiita maneno ya askari. Lakini ndicho nilichofundishwa kukiandika, na kalamu yangu haijui kingine. Nimejiuliza kama barua isiyoweza kusomwa na anayeandikiwa ni barua kweli, au ni namna ya mtu kujisemesha ili ajione mwema. Jibu sijalipata. Naandika hivyo hivyo, nimekaa kwenye benchi la nyuma darasani, wasichana wamekwisha kwenda makwao, na kesho ni Jumapili.

Kesho usharika utamshukuru Mungu kwa miaka kumi ya ndoa yangu na Filipo, mume wetu. Kanisani nimezoea kusema mume wangu, na katika miaka hiyo kumi ulimi haukuteleza. Tangu tukuzike, siku tisa sasa, unateleza kila saa. Natakiwa nisimame mbele ya watu nikiwa nimevaa pete, pete ile ile uliyoomba uione. Sijui kama nitaivaa. Ndiyo sababu ya barua hii, ingawa najua ni kuchelewa kukuuliza.

Unakumbuka siku niliyoletwa nyumbani kwenu? Nilikuwa sijafika hata begani kwako. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mke mkubwa ataninyima chumvi na kunilaza karibu na mbuzi. Baba mkwe alimchinja mbuzi mmoja, akakata vipande viwili vyembamba kutoka kwenye ngozi ile ile, akavipasua katikati kwa kisu, kimoja akakivisha kwenye kidole chako, kingine kwenye changu. Akasema wanawake waliovaa ngozi moja hawagombanii chungu kimoja. Pete ile haivuliwi. Huvaliwa mpaka ikatike yenyewe. Wewe ulikuwa ukiipaka yako mafuta ya kondoo kila ulipojipaka, na ulinicheka: "Ndeshi, yako itakatika kwanza, unachezea maji mno."

Ulinifundisha kila kitu ninachokijua ambacho hakimo katika kitabu. Kujua kwa kugonga tu kama kibuyu kitatunza maziwa. Kuchagua ndizi za kupika na kuacha za pombe. Kunyamaza mbele ya mama mkwe na kusema baadaye. Watoto wako wawili walikuwa wamekwisha zikwa kabla sijaja, na hukuwataja mbele yangu ila mara moja, wakati nilipomzaa Tabita. Ulimpokea, ukamnusa kichwa, ukasema ana harufu ya wale. Amekaa mgongoni kwako kuliko mgongoni kwangu. Hata leo akikohoa hukohoa kama wewe, mkono kifuani, kama mwanamke mzima.

Kisha Filipo akaingia mafundisho ya ubatizo, nami nikamfuata, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha onja kusoma na sikuweza kuacha. Wewe ulikataa. Ulisema mbuzi wa baba mkwe hawezi kuoshwa kwa maji. Sisi tuliokuwa tunasoma tulikuwa tunakuonea huruma kidogo. Naona haya kuliandika neno hilo.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kukusimulia. Ulijua yaliyotokea, lakini hukujua yalivyotokea. Tuliitwa barazani kwa bwana mchungaji, mimi na Filipo. Alisema mwanamume hawezi kubatizwa akiwa na wake wawili. Atabaki na mmoja, na kwa maoni yake haki ni ya yule wa kwanza. Akauliza, "Ni yupi aliyetangulia?" Filipo akanitazama, akatazama miguu yake, kisha akasema, "Huyu ndiye anayesoma."

Nimeyageuza maneno hayo miaka kumi. Hakusema uongo. Alijibu swali lingine. Nami nilikuwa nimekaa pale, nalijua jibu la swali lililoulizwa, jina lako lilikuwa mdomoni mwangu, fupi tu, na sikulitoa. Bwana mchungaji aliandika katika daftari lake. Nimejaribu kujitetea kwamba mwanamke hakuwa na ruhusa ya kusema, lakini siku ile ile, kabla hatujaondoka, nilimuuliza bibi mchungaji habari za Yakobo na wake zake, naye akanijibu kwa upole kwamba hayo yalikuwa mambo ya kale. Kwa hiyo sauti nilikuwa nayo. Niliitumia kwa Yakobo.

Bibi akanipa mkasi nikate ile ngozi kidoleni. Niliikata mwenyewe. Haikukatika, Nasinyari, niliikata. Ulipouliza nilisema imekatika mtoni nikifua, ukacheka kwamba ulikuwa umenionya.

Ukahamia ng'ambo ya mfereji, kwenye nyumba ndogo na migomba ile michache ya mteremko. Filipo akaambiwa asikanyage huko, naye hakukanyaga. Mimi nilipita. Kila asubuhi, mimi au Tabita, na kibuyu cha maziwa. Ulikuwa ukisikia majani yakikanyagwa unaita kutoka ndani, "Nani anapita?" nami naitika, "Ni mimi, wako." Hatukuwahi kusema neno la ziada juu ya jambo hilo. Nilifikiri kimya chako ni msamaha. Sasa nafikiri huenda kilikuwa adabu tu, ile ile ya kungoja mpaka mtu akumbuke mwenyewe.

Habari ya pete ilianza mwaka huu, bwana mchungaji na mkewe walipotimiza miaka ishirini na mitano. Alimvisha bibi pete mpya mbele ya usharika, na wazee wa kanisa wakaguswa, Filipo kuliko wote. Sisi hatukuwa na pete. Hapa misheni kulikuwa na pete mbili za shaba katika kisanduku cha bati. Kila waliofunga ndoa walivishwa hizo, wakaombewa, na kabla ya kutoka mlangoni wakazivua zikarudi kisandukuni kuwangoja wengine. Nilivaa yangu kwa muda wa wimbo mmoja. Filipo akaniambia, "Safari hii ni yako. Hairudi kisandukuni." Alifurahi kama kijana. Alikuwa na kazi yake ya useremala, kuezeka darasa, kwa hiyo akaniambia niende mjini nikachague mwenyewe, pamoja na wanawake wanaopeleka ndizi.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwako. Ulikuwa umejifunika blanketi karibu na moto, unakohoa, na nilisikia kifua chako kinavyolia. Nilisema nakwenda mjini kununua chumvi.

"Chumvi," ukasema. "Umevaa nguo ya Jumapili ukanunue chumvi." Kisha ukacheka mpaka kikohozi kikakukatiza, na ulipopata pumzi ukasema, "Tabita ameniambia. Unanunuliwa pete. Ukirudi upite kwangu kwanza, niione."

Nikasema nitapita. Ulitaka kuiona tu. Katika miaka yote ile ng'ambo ya mfereji hukuwahi kuniomba kitu kingine.

Duka la sonara liko kwenye mtaa ulio chini ya Boma. Ana baraza ndogo, na pete zake huzipanga juu ya kitambaa chekundu ndani ya sanduku la kioo. Wenzangu walikaa kwenye ngazi na matenga yao, wakanitazama kama watazamavyo ngoma. Alinipima kidole kwa uzi. Alileta pete mbili za fedha: moja imechorwa maua madogo kuizunguka, mfano wa ile ya bibi mchungaji; nyingine nyeupe tupu, pana kidogo, isiyo na kitu. Aliposikia kwamba mume hakuja, akaanza utani wake wa dukani.

"Mama, niambie kweli. Mzee ana wake wangapi? Leo nauza moja, kesho wanakuja wengine wote kunivunjia kioo."

Wanawake wakaangua kicheko. Wote wanakujua. Wawili kati yao wamekula mikononi mwako walipokuwa wadogo. Walicheka, kisha wakangoja nitakavyosema.

"Mmoja," nikasema.

Sonara akasema basi mzee ana bahati, atalala usingizi. Nikachagua ile isiyo na maua. Njiani nilijiambia kwamba nimechagua kwa unyenyekevu, kwamba Mkristo hapaswi kujipamba. Sidhani. Nadhani nilichagua ile ambayo ingekuumiza kidogo zaidi utakapoiona, na mtu akifika mahali pa kupima kiasi cha maumivu atakachompa mwenziwe, amekwisha kukubali kumpa.

Tulilala Tengeru kwa shangazi yake Filipo. Kesho yake jioni nilifika kwenye yale mawe njia inapogawanyika. Ya chini inafuata mfereji mpaka mlangoni kwako. Ya juu inapita kwenye kahawa ya misheni na kuingia nyumbani kwa nyuma. Pete ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya khanga yangu. Nilisimama. Manyunyu yalikuwa yameanza, nilikuwa nimechoka, watoto walikuwa wananingoja. Sababu zote hizo ni za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Sikutaka unishike kidole kile uitazame, kisha unitazame mimi. Nikapita njia ya juu. Nilijiambia, kesho.

Asubuhi nilimtuma Tabita na maziwa. Alirudi na kibuyu kikiwa kimejaa vile vile.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima jambo hili kama mtu anayepima mtama kwa konzi, na kila konzi ina kiasi tofauti. Mama Samweli, jirani yako wa karibu, ambaye tuliosha mwili naye, alisema ulikuwa umepoa na kukakamaa, na kwamba huenda ulifariki tangu jana yake asubuhi, baada ya Tabita kukuachia maziwa. Kama ni hivyo, ningepita njia ya chini ningekukuta umekwisha kwenda, na kosa langu lingekuwa la haya tu. Lakini Mama Samweli huyo huyo, baada ya siku tatu, alikumbuka kwamba jioni ile, akifunga mbuzi, aliona moshi juu ya paa lako. Nimemuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana hakika. Mara ya pili alisema labda ilikuwa ukungu. Moshi waweza kutoka kwenye makaa yaliyobaki. Ukungu waweza kuwa moshi. Sitajua. Nilikuwa nadhani kutokujua ni nusu ya faraja, lakini si nusu ya kitu chochote.

Ninalolijua ni hili. Nyumba ilikuwa imefagiwa. Na kile kigoda cha pili, ambacho hukitoa tu mgeni akija, kilikuwa kando ya moto, kimeelekezwa mlangoni.

Nilipokuosha mikono niliiona ngozi ile. Kidole chake cha zamani kilikuwa kimevimba, ukawa umeihamishia kwenye kidole kidogo. Ilikuwa nyeusi, laini kwa mafuta, nzima. Haikukatika. Mama Samweli aliuliza kama tuivue. Nikasema haivuliwi.

Kisha hapakuwa na pa kukuweka. Kwenye makaburi ya misheni hukuwa na haki, kwa kuwa hukubatizwa. Filipo alisema hawezi kukuzika nyumbani kama mke wakati mbele ya kanisa hukuwa mke. Alilisema kwa sauti ndogo sana, akitazama randa yake. Tukatuma watu Ngaramtoni. Kaka zako wawili wakaja, wakasimama uani bila kukaa, na yule mkubwa akasema, "Ng'ombe wa baba yenu wangali wanazaa kwetu. Hatukuwarudisha, wala hakuna aliyekuja kuwadai. Dada yetu hakuachwa. Ni mke wenu, mzikeni." Alikuwa amesema kweli. Ulikuwa si wa huku wala wa kule, na mwili wako ukilala ndani siku ya pili.

Tulikuzika ng'ambo ya mfereji, kwenye migomba yako. Kaka zako walichimba, mimi na Mama Samweli tukabeba udongo. Filipo alisimama upande wa pili wa maji, kofia mkononi, mpaka tulipomaliza. Hakuvuka. Mfereji ule mtoto anauruka.

Jana nilimwendea karakanani. Nilitaka kumweleza kila kitu, swali la barazani, mkasi, sonara, lakini nikaweza kusema moja tu: "Siku niliyorudi mjini, nilipita njia ya juu."

Aliendelea kupiga randa. Nilidhani hakusikia. Kisha akasimamisha mkono.

"Mimi nimepita njia ya juu miaka kumi," akasema.

Akaendelea na ubao wake. Sikumwona akilia, lakini ubao ule aliupiga randa mpaka ukawa haufai. Kuhusu kesho hakusema tusiende.

Basi nifanye nini, dada? Nikikataa kuivaa, nitamwaibisha Filipo mbele ya watu kwa kosa tulilolifanya wawili, na mimi nitatoka nikiwa msafi. Hilo si haki. Nikiivaa nikanyamaza, itakuwa mara ya nne, au ya tano, nimekosa hesabu. Nikisimama nikalitaja jina lako, Filipo hatakuwa mzee wa kanisa tena, na mimi sitaachiwa hawa wasichana niwafundishe, nao hawana mwingine. Nawe hutapata chochote. Hutarudi upande huu wa mfereji. Nimejichunguza, na sina hakika kwamba tamaa ya kusema inatoka kwako. Yawezekana nataka tu kuonekana nikitubu, jinsi nilivyotaka kuonekana nikisoma. Kila ninapofika kwenye wazo zuri, nalikuta limekwisha kunifaa mimi kwanza.

Asubuhi hii, kabla ya darasa, niliijaribu pete. Nilitumaini itakuwa ndogo, au kubwa, nipate kisingizio. Inanitosha sawasawa. Inakaa pale pale ilipokuwa ngozi.

Nimekuahidi mengi na unajua thamani ya ahadi zangu, kwa hiyo nitakuahidi kidogo. Kesho bwana mchungaji atauliza, kama aulizavyo siku zote za shukrani, kama kuna neno mume au mke analotaka kulisema. Nitalijibu lile swali aliloliuliza barazani. Sio la Filipo, lile lenyewe: ni yupi aliyetangulia. Jina lako ni fupi. Siahidi kwamba sauti itatoka. Naahidi kwamba safari hii nitafungua mdomo. Itakuwa imechelewa miaka kumi na siku tisa, na haitakufaa, nami nitalisema nikijua hivyo.

La pili nina hakika nalo zaidi. Yoyote yatakayotokea, nikitoka kanisani sitakwenda nyumbani kwanza. Nitashika njia ya chini, na pete kidoleni au mkononi, nije niketi kwenye kile kigoda nilichokirithi bila kuulizwa na mtu, nikuonyeshe. Utaitazama muda mrefu unavyotaka. Na kila nitakaporudi kutoka popote, mpaka miguu inikatae, nitapita huko.

Lala salama, dada yangu mkubwa, mke wa kwanza wa mume wetu. Hutaita tena kutoka ndani, kwa hiyo nitaanza mimi, nikifika tu kwenye majani ya migomba yako, kabla ya kuulizwa.

Ni mimi, wako,

Ndeshi